Hana Shida

Kwa miezi minne nilikuwa nikiamka, nabandika chai, kisha nasogea kwenye tangi la samaki na kutazama tumbo la kambare wangu. Sikuhitaji kuinama wala kulitafuta. Kambare wa aina hii mdomo wake uko upande wa chini, kama kikombe kilichofunikwa, na anapokula hujigandisha kwenye kioo na kukugeuzia tumbo lote. Samaki wengine utawaona ubavu na mgongo; huyu anakupa tumbo. Na bado sikuliona. Nilichokuwa nakiona ni kioo, nacho kilikuwa kinang'aa.

Nilikuwa nimepanga vyumba viwili Kahororo, upande wa mlima unaotazama ziwa, nikifundisha Historia katika shule moja ya sekondari mjini Bukoba. Tangi sikulinunua. Niliachiwa na mpangaji mwenzangu aliyehamishiwa Songea, ambaye hakuona namna ya kuvuka nchi nzima na kioo cha lita 120 mapajani. Ndani mlikuwa na samaki wadogo saba wa mkia wa rangi, pampu ya hewa iliyokuwa ikikoroma kama mzee, na kijani. Dirisha langu lilitazama mashariki. Jua la Bukoba linatokea ziwani na lilikuwa likipiga moja kwa moja kwenye kioo, na mwanga ukikutana na kinyesi cha samaki kinachozaliwa ni mwani. Jumamosi nilisugua kwa sponji. Jumatano ule uteute wa kijani ulikuwa umerudi, kana kwamba nilikuwa naupalilia.

Likizo ya Juni nilikwenda Mwanza na huko nikamweleza muuza samaki wa mapambo shida yangu. Hakufikiri mara mbili. Alichovya kikombe kwenye tangi la nyuma akanitolea kitu cha kahawia, kirefu kama kidole changu cha mwisho, chenye ngozi ngumu na masharubu mafupi. "Chukua huyu, dada. Msafishaji. Hata chakula hununui, anakula uchafu tu. Hana shida kabisa huyu." Nikauliza kama atakua sana. "Hakui." Nikatoa elfu kumi na tano.

Tulivuka usiku kwa meli, yeye ndani ya ndoo ya lita tano iliyotobolewa kifuniko, mimi nimeibana ndoo katikati ya miguu. Meli yenyewe ni ile MV Victoria ya zamani, ambayo baada ya kukarabatiwa na kurudi majini mwaka 2020 ilipewa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Nakumbuka kulisoma jina hilo nikipanda na kutabasamu, nikiwa na mfanyakazi wangu mkononi. Tuna methali kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nilimpa jembe kabla hata hajafika nyumbani.

Na alilima. Ndani ya wiki tatu kioo kilikuwa safi hivi kwamba wageni walisogeza uso mpaka pua zikagusa. Nilimsifu kwao kwa maneno ya muuzaji: huyu hana shida. Sikumpa chakula chochote zaidi ya vile vipande vyembamba vinavyoelea, ambavyo samaki wa juu walivimaliza kabla havijalowa. Sikumnyima kwa ubaya. Sikufikiri kwamba kuna kitu cha kumpa.

Aliyeniamsha ni mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeniletea madaftari nyumbani Jumamosi moja ya Oktoba. Ni binti wa wavuvi, amekua akipara samaki. Alisimama mbele ya tangi muda mfupi tu, kisha akasema, kwa ile sauti ya adabu ambayo wanafunzi wetu huitumia wanapomkosoa mtu mzima, "Samahani mwalimu, huyu mbona tumbo limeingia ndani?"

Nikatazama. Tumbo lilikuwa limebonyea kama kijiko. Nyuma ya mapezi ya mbele palikuwa na shimo ambalo ungeweza kulaza punje ya mchele. Ngozi ya mgongoni ni ya mifupa, haikondi, kwa hiyo ukimtazama kwa juu alikuwa samaki yule yule. Njaa yake yote ilikuwa imeandikwa upande ule mmoja, alioubandika kwenye kioo mbele ya uso wangu kila asubuhi.

Usiku ule nilikaa na simu nikisoma mambo ambayo ningepaswa kuyasoma kabla ya kutoa elfu kumi na tano. Ukoo wake unaitwa Loricariidae, una spishi zaidi ya 900, na asili yao ni mito ya Amerika ya Kusini na ya Kati. Badala ya magamba wamevaa mabamba ya mfupa. Utumbo wao ni mrefu na umejikunja kama kamba iliyowekwa ghalani, kwa sababu mwani una nguvu kidogo na ni lazima uliwe kwa wingi, usiku kucha. Ndani ya jicho kuna kipande kinachopanuka mchana kupunguza mwanga na kusinyaa usiku. Na aina yangu, ile inayouzwa sana duniani kwa sababu inazaliana vizuri kwenye mabwawa ya biashara, huweza kupita sentimita 40. Anaponunuliwa ana sentimita tano. Ndiyo maana wengi huamini hakui: hafi mkubwa.

Kilichonichoma zaidi ni hesabu yake. Mwani wa tangi la lita 120 ni chakula cha wiki mbili tatu. Yaani siku ile kioo kilipokuwa kizuri kuliko siku zote, siku niliyowaita majirani waje kuona, ndiyo siku njaa yake ilipoanza. Kila alivyofanya kazi vizuri ndivyo alivyokaribia kufa, na kila alivyokaribia kufa ndivyo nilivyozidi kumsifu.

"Hana shida" ni maneno ya ajabu ukiyakalisha chini. Kwa Kiswahili chetu yanasema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba mtu hasumbui, na kwamba hakosi kitu. Tumeyaunganisha mpaka hatuoni tena mshono. Asiyenisumbua, basi hakosi kitu. Mpangaji hana shida, mgonjwa hana shida, mtoto wa pili hana shida. Nani aliwauliza?

Nimekulia Muleba, karibu na Kamachumu, katika nyumba iliyokuwa na migomba mpaka mlangoni na dada wa kazi jikoni. Alikuja akiwa na miaka kama kumi na minne, mimi nikiwa na tisa. Mama yangu hakuwa mkatili. Hakumpiga, alimnunulia nguo Krismasi, na mbele ya wageni alimsifu kwamba binti huyu hana shida. Alikula baada yetu, kilichobaki. Kwa kawaida kilibaki. Jioni moja ya Novemba, msimu wa senene, tulikuwa na wageni wengi na sufuria zilirudi jikoni tupu. Usiku niliamka kutafuta maji nikamkuta amechuchumaa karibu na jiko, akikwangua sufuria ya ndizi kwa kijiko na kulamba kijiko. Aliponiona aliacha. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema, "Nasafisha tu."

Nikanywa maji yangu, nikarudi kulala. Nilikuwa na miaka tisa, lakini nilijua. Ningekuwa sijui nisingekumbuka.

Sisemi kwamba samaki ni binti yule. Kuna watu wanaoona kuweka viumbe hivi viwili kwenye ukurasa mmoja ni kumshusha mtu, na mimi mwenyewe nilisita. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785, aliweka mpaka hapo hapo: mwenye akili ya kujiamulia asitumiwe kamwe kama chombo tu, kisicho na akili hiyo ni kitu, na vitu hutumiwa. Ni mpaka ulio wazi, na bado haunisaidii, kwa sababu kosa langu halikuanzia kwenye daraja la kiumbe. Lilianzia kwenye jicho langu. Jicho lililopita juu ya tumbo la samaki na kutua kwenye kioo ni lile lile lililopita juu ya kijiko na kutua kwenye sufuria. Nadhani halikujifunza kwa samaki.

Basi nikaanza kumlisha. Nilichemsha kipande cha boga dakika chache, nikakifunga kwenye kijiko ili kizame, nikazima taa. Usiku wa kwanza hakutoka. Wa pili nilimkuta amelala juu ya boga kama mtu aliyekumbatia mto. Nikaongeza mchicha, tango, kipande cha mti mkavu wa mpera akwangue. Tumbo lilichukua karibu mwezi kunyooka. Umeme ukikatika na pampu kunyamaza, niligundua kwamba alikuwa akipanda juu haraka, anapiga funda la hewa na kushuka nalo. Samaki hawa huweza kupumua kwa tumbo. Miezi yote ile nilikuwa nimedhani anacheza.

Halafu jambo la kuchekesha likatokea. Kambare anayekula vizuri hutoa kinyesi kirefu kama uzi, kingi ajabu, na boga likawa linachafua maji kuliko samaki wa mkia wa rangi wote saba. Kijani kikarudi, na yeye hakukitazama sana, kwa kuwa alikuwa na boga. Nikawa nabadilisha maji mara mbili kwa wiki, ndoo za maji ya bomba yaliyolazwa usiku kucha dawa itoke, nikisugua kioo kwa sponji ile ile niliyodhani nimeistaafisha. Msafishaji alikuwa amegeuka mchafuzi namba moja wa nyumba. Jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Sasa mwalimu, huyu unamweka wa nini?"

Nilishindwa kumjibu, na swali lenyewe ni zuri kuliko alivyokusudia. Sababu niliyomnunulia ilikuwa imekwisha. Hakuwa na faida, hakuwa mzuri wa sura, na mchana alijificha. Lakini alikuwa pale, hakuna mlango aliojua kuufungua, na kila kitu alichohitaji kingeweza kupita kwenye mkono wangu tu. Sioni jina lingine la hali hiyo isipokuwa deni. Hakunikopesha, mimi ndiye niliyejikopesha kwake siku nilipombeba kwenye ndoo.

Miaka miwili baadaye alikuwa na urefu wa sentimita 28, akigeuka kwenye tangi kwa shida, mimi nimepata nafasi ya kusoma Dodoma. Hapo ndipo kila mtu Kahororo alipokuwa na ushauri, na ushauri ulikuwa mmoja. Aliyeusema vizuri zaidi ni mzee mmoja mstaafu wa uvuvi, mpangaji wa nyumba ya chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia unahangaika na samaki. Ziwa lile pale. Si umrudishe?"

Umrudishe. Neno lilikuwa limejaa huruma, na lilikuwa uongo, ingawa mzee hakujua. Huwezi kumrudisha mtu mahali ambapo hajawahi kuwa. Samaki huyu alikuwa ameshavuka Ziwa Victoria usiku kucha, sentimita chache juu ya maji yake, bila kuyagusa. Kwake lile si nyumbani, na yeye si wa pale.

Na ziwa hili linajua habari za wageni waliotiwa kwa nia njema. Uchunguzi wa miaka ya 1969 hadi 1971 ulikuta furu, wale samaki wadogo waliokuwa mamia ya spishi zisizopatikana kwingine duniani, wakifanya zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wanaokaa chini ya ziwa. Wakati huo sangara alikuwa tayari ndani, ametiwa tangu miaka ya 1950 na watu waliotaka ziwa lizae nyama zaidi. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 furu wengi walikuwa wametoweka, na spishi kadhaa zilibaki hai kwenye matangi ya kioo tu, huko Ulaya na Marekani. Miongoni mwa waliopotea walikuwamo wala mwani na wala masalia ya chini. Maji yalizidi kuwa ya kijani, ingawa mbolea na udongo kutoka mashambani vilichangia pia. Halafu likaja gugu maji, nalo kwao ni Amerika ya Kusini kama kambare wangu. Sehemu yake iliteremka na Mto Kagera kutoka Rwanda, na mto huo unaingia ziwani kaskazini kidogo tu ya kwetu. Gugu maji lina ua la zambarau zuri sana. Lilisambaa duniani kwa sababu watu walilipenda wakalitia kwenye mabwawa ya bustani zao.

Nilimweleza mzee hayo, kwa uwezo wangu wa mwalimu wa Historia. Alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

"Waitu mwanangu, sangara huyo unayemshtaki ndiye aliyewasomesha watoto wangu wanne. Furu alimsomesha nani?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nilikuwa na jibu. Alikuwa anasema kweli. Minofu ya sangara imejenga nyumba nyingi za mabati Kagera na Mwanza, na mabondo yake yanauzwa kwa bei ambayo furu asingeiota. Anayelia furu mara nyingi ni mtu mwenye mshahara. Lakini mzee mwenyewe, baada ya kunyamaza kidogo, aliniambia kwamba utotoni walikuwa wakikausha furu kwenye jua na kuwatunga kwenye vijiti, na kwamba mama yake aliwapika na karanga. Hakusema kwamba anawakumbuka. Alisema tu walivyopikwa.

Kisha akatoa hoja yake ya pili, iliyo ngumu zaidi: "Huyu wako ni mmoja. Mmoja atazaa na nani?"

Hilo lilinikosesha usingizi siku mbili. Kweli, mmoja hazai. Ukipima tendo langu peke yake, madhara yake kwa ziwa la kilomita za mraba zaidi ya elfu 68 ni karibu na sifuri, na faida yake kwa samaki ni kubwa: maji yasiyo na ukuta. Lakini kila mwenye ndoo anaposimama ufukweni ana mmoja. Huko Mexico, katika bwawa la Infiernillo, kambare wa ukoo huu huu walijaa mpaka nyavu zilizozoea kuleta perege zikawa zinaleta wao, na miiba ya mapezi yao inachana nyavu. Wanachimba mashimo kwenye kingo ili watage, na kingo zinamomonyoka. Sidhani kama kuna mtu aliyekwenda ufukweni na kambare elfu. Wote walikuwa watu wema wanaohama nyumba.

Kwa hiyo huruma yangu, ambayo nilikuwa nimejifunza kwa taabu, ilikuwa inanituma mahali pabaya. Ningemwachia pale Nyamukazi asubuhi, ningemwona akizama taratibu, ningetokwa na machozi kidogo na kwenda zangu nikijiona mwepesi. Wepesi ule ndio ulionitia shaka. Kumlisha kulinichosha kila siku. Kumwachia kungenimalizia kazi kwa dakika moja, na gharama ingelipwa na wengine chini ya maji, wasionisumbua. Wasio na shida.

Nilijaribu njia nyingine. Hoteli moja ilikuwa na bwawa la bustani, lakini nilipofuata mfereji wake niliona unateremkia kwenye Mto Kanoni, na Kanoni ukifurika hauombi ruhusa kuingia ziwani. Niliuliza shule, maabara haikuwa na umeme wa uhakika. Mwisho nilinunua chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Wafugaji wa samaki huyatumia kumlaza samaki moja kwa moja, polepole, bila kumpiga. Niliisoma njia hiyo mara tatu na kuona kwamba ni halali, pengine halali kuliko kumbeba kilomita mia kadhaa kwenye basi kwa sababu tu siwezi kufungua chupa. Bado sina uhakika kama nilichokifanya kilikuwa wema au uoga.

Nilimbeba. Ndoo ya lita ishirini, nusu maji, kitambaa chenye unyevu juu, siku mbili hakula ili asichafue. Kondakta alitaka nauli ya mzigo, tukaelewana. Njia nzima hakuna aliyeniuliza nimebeba nini, isipokuwa mtoto mmoja karibu na Singida, ambaye nilimwonyesha na akafoka kwa furaha kwamba ni mamba.

Sasa anaishi Dodoma, mbali na ziwa, kwenye tangi la plastiki la maji la lita 500 lililokatwa juu, uani kwangu, chini ya kivuli cha bati. Tangi ni jeusi. Hakuna kioo cha kusafisha na hakuna anayemtazama. Mwani unaota kwenye kuta na akila ni sawa, asipokula ni sawa. Ana sentimita 33. Anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi, na sijui miaka yote hiyo nitakuwa na ua wa kuweka tangi. Chupa ya karafuu iko kabatini, nyuma ya chumvi, haijafunguliwa.

Tatizo la tangi jeusi ni kwamba tumbo halionekani. Wavu haufai, mapezi yake yananasa. Kwa hiyo kila Jumapili jioni nazamisha bakuli kubwa la kioo, namsogeza taratibu mpaka aingie, nasubiri ajigandishe kwenye sakafu yake. Kisha nalinyanyua bakuli kwa mikono miwili, maji yakinimwagikia mabegani, mpaka liko juu ya kichwa changu, na kulitazama kwa chini.